Kila Msimu Walikuita Mzembe

Dada yangu Somoe,

Nimejaribu kukuandikia mara nyingi nikakwama kwenye salamu. Mtu aliye hai unamuuliza hujambo, habari za siku nyingi, watoto hawajambo? Wewe nikuulize nini? Nimeamua kuiacha salamu na kwenda moja kwa moja kwenye shauri. Msimu huu kuna jambo lako lililotokea kiwandani. Kabla ya jambo hilo kuna langu, ambalo wewe unalijua na mimi sijawahi kulitamka mbele yako.

Unakumbuka nilivyofika Lindi. Nilitoka Mitole, kule Kilwa, na mtoto mgongoni. Mume alikuwa amekwenda Dar kutafuta maisha na hakurudi, na kiwanda cha kubangua korosho kilikuwa kinachukua vibarua. Wewe ulikuwa umeshamaliza misimu mitatu pale. Siku yangu ya kwanza, wakati wa mapumziko, ulinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya ghala, vidole vimeanza kuungua kwa mafuta ya maganda, nimevificha chini ya khanga. Hukuniuliza kitu. Ulikaa, ukavuta mkono wangu, ukanipaka mafuta ya nyonyo kidole kimoja kimoja, huku ukiwasema waliotunyima glovu. Halafu ukafungua bakuli lako la ming'oko, vile viazi vyenu vya porini.

"Kula," ulisema. "Nyie watu wa Kilwa mnajifanya hamli ming'oko, kumbe mnakula mlango umefungwa."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nishuke kwenye basi.

Wewe ulikuwa na sauti, dada. Hukuwa mgomvi, na sikuwahi kukusikia ukimtukana mtu. Ulikuwa unasema jambo kwa utulivu wa mtu anayeagiza chumvi dukani. Uliwaambia choo cha wanawake hakina mlango, wakaweka mlango. Uliwaambia mama mjamzito asibebeshwe gunia, wakamwondoa kwenye magunia. Mimi nililelewa vingine. Baba yangu alikuwa akisema mtoto wa kike ambaye sauti yake inafika kwa jirani hakufundwa, na nililishika neno hilo kama sala. Kwenye mkutano wa asubuhi pale uani nilikuwa nachagua kusimama nyuma yako, ili mgongo wako unifiche.

Tulipofika msimu wetu wa tatu pamoja, walitutoa kwenye kubangua wakatuweka kwenye pipa la mvuke, lile pipa kubwa la chuma ambamo korosho ghafi hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee. Tulijaza korosho, tukafunga mlango kwa nati, tukasubiri, tukaachia mvuke utoke. Kulikuwa na geji juu ya mlango. Mshale wake ukishuka hadi sifuri maana yake mvuke umekwisha, unaweza kufungua. Ndivyo tulivyofundishwa, na hatukufundishwa zaidi ya hapo.

Wewe ndiye uliyegundua kwamba mshale ule unadanganya. Uliniita kwa kidole, ukaniambia niweke sikio karibu na chuma. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na ndani pipa lilikuwa linapumua taratibu kama mtu aliyesinzia. Tukaangaliana. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu uligonga kioo cha geji kwa kifundo cha kidole, mshale ukaruka juu, ukarudi ukalala.

"Kesho asubuhi tunalisema," uliniambia.

Nikajibu ndiyo. Ulisema tunalisema, Somoe. Sisi wawili. Na mimi nilijibu ndiyo.

Asubuhi ile msimamizi wetu, Bwana Kassimu, aliuliza kama desturi yake nani ana neno. Ukasogea mbele, ukaeleza. Ulieleza vizuri, hata mtu ambaye hajawahi kuliona pipa angeelewa. Kassimu akakunja uso. Tulikuwa nyuma na mzigo, na gari la kuupeleka bandarini lilikuwa njiani.

"Geji ilikaguliwa mwanzo wa msimu," alisema. "Nani mwingine ameliona hilo?"

Nilikuwa hatua mbili nyuma yako. Niliona shingo yako ikigeuka kidogo tu. Hukunitazama. Ulinipa nafasi. Mimi nikatazama chini. Karibu na mguu wangu palikuwa na ganda moja la korosho, nikalikazia macho. Msimu uliotangulia mwanamke mmoja alibishana na Kassimu, na msimu ule hakuitwa tena. Nilimwaza Fadhili wangu na uji wake. Nilimwaza baba. Nikajiambia atasema mwingine. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa pumzi moja, na pumzi ilipotoka nafasi ilikuwa imekwisha.

"Basi," Kassimu alisema. "Kama pipa linakutisha, geti liko wazi. Wanaoitaka kazi wako wengi."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Ukacheka nao, ukarudi kwenye nafasi yako.

Nilingoja unigombeze. Nilitaka unigombeze, ningepumua. Wakati wa mapumziko ukaja ukakaa palepale tunapokaa siku zote.

"Tutafanya hivi," ulisema. "Kufungua nafungua mimi peke yangu. Wewe kaa kule nyuma ya magunia. Nikisikia linapumua, nasubiri."

"Dada, leo asubuhi..."

"Kula, Zuhura."

Siku ya nne baada ya mkutano ule gari lilikuwa limefika. Kassimu alikuwa anapita anapiga makofi, fanyeni haraka, fanyeni haraka. Mashine zote za kubangulia zilikuwa zinalia kwa wakati mmoja na hapakuwa na sikio ambalo lingesikia pipa. Uliinama mara mbili kusikiliza. Ukanitazama kupitia juu ya magunia, ukainua mabega, ukashika nati.

Kilichofuata sitakiandika. Wewe ulikipata na mimi ninakisikia mpaka leo. Ninakisikia birika likichemka kwa jirani. Ninakisikia lori likitoa hewa kwenye breki pale stendi, nasimama katikati ya barabara, bodaboda wananipigia honi. Nyumbani sifuniki sufuria tena. Fadhili amekuwa mkubwa sasa, huniuliza kwa nini wali wetu una viini kila siku, namwambia mkaa mbaya.

Ulikaa hospitali siku mbili. Siku ya pili, saa tisa alasiri, walitutoa wodini.

Kiwanda kikaunda kamati yake. Waliniita ofisini, wakaniuliza mshale ulikuwa unasoma wapi marehemu alipofungua. Nikasema sikuona, nilikuwa nyuma ya magunia. Ilikuwa kweli tupu. Nimesema uongo mwingi maishani, lakini sijawahi kusema jambo baya kama ukweli ule. Hawakuniuliza kuhusu siku za nyuma na mimi sikuwaambia. Wakaandika kwamba ulifungua kabla ya wakati, kwa uzembe. Wiki iliyofuata pipa lilikuwa na geji mpya, na hapakuwa na aliyesema imetoka wapi.

Sasa nikwambie wasichokwambia huko uliko. Tangu mwaka ule, kila msimu ukianza, vibarua wapya hukalishwa kwenye mabenchi ya ukumbi wa chakula wapewe mafunzo ya usalama, na kila msimu Kassimu aliwasimulia habari zako. Hakukutaja jina. Alikuwa anasema "mama mmoja mzembe." Mimi nimepanda, nasimamia meza ya kumenya, kwa hiyo nilikuwa nakaa pembeni pamoja na wazoefu, nikisikiliza. Kila mwaka kisa kilikuwa kinaongezeka kitu. Mwaka mmoja ulikuwa unapiga soga na mwenzako. Mwaka uliofuata ulikuwa unachezea simu, wewe ambaye simu yako ilikuwa inabaki nyumbani chini ya mto. Mwaka jana ulikuwa umeonywa mara tatu ukakaidi. Nilikaa pale nikikuona unakufa upya kila msimu, kila mara kwa kosa kubwa kuliko la mwaka uliopita, na mimi natikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wenzangu.

Ukaanza kunitokea. Sitaki kusema umekuwa pepo, hukuwa mtu wa kumtisha mtu. Lakini sokoni nikimwona mbele yangu mwanamke mwenye mgongo wima, kilemba kimefungwa kwa nyuma kama ulivyokuwa ukifunga, naona shingo ikianza kugeuka, na mimi natazama chini kabla haijamaliza. Imenitokea pale feri, imenitokea kwenye foleni ya maji. Wanawake wa watu wanashangaa kwa nini nawainamia.

Msimu huu niliingia ukumbini mafunzo yakiwa yameshaanza. Benchi la pili alikaa binti mwembamba. Jirani yake alimnong'oneza kitu, naye akageuza shingo kidogo kumsikiliza. Nikashika ukuta. Nilijiambia ni yaleyale ya sokoni, nikatazama chini, nikanyanyua macho tena, na bado alikuwa pale. Nikaomba karatasi ya majina kwa mwenzangu. Mwajuma Selemani, Rutamba.

Mwanao, Somoe. Mara ya mwisho nilimwona kwenye matanga yako, ana miaka kumi, amekaa pajani kwa bibi yake anauliza nani atamsuka.

Nilikuwa bado nimeshika karatasi Kassimu alipofika pale anapofika kila mwaka. "Sasa niwape kisa cha kweli kilichotokea hapahapa. Kulikuwa na mama mmoja mzembe."

Mwajuma akainamisha kichwa. Hakulia, hakushtuka. Aliinama kama mtu aliyezoea kuinama jambo hilo likitajwa. Hapo nikajua kwamba kisa hiki kilifika kwenu Rutamba siku nyingi, kwamba shuleni walimwambia, kwamba huyu mtoto amekua nacho na amekuja kuomba kazi palepale akijua atakisikia.

Watu hunisifu siku hizi kwamba nina moyo. Nilisimama huku nimeshikilia bega la mwenzangu, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, sikuitambua.

"Sivyo ilivyokuwa," nilisema.

Kassimu akageuka. "Mama Fadhili, una swali?"

"Sina swali. Huyo mama alikuwa anaitwa Somoe, na hakuwa mzembe. Mshale wa geji ulikuwa mbovu. Alikwambia wewe, pale uani, siku nne kabla."

"Hayo yalishachunguzwa. Kaa chini."

"Yalichunguzwa kwa kuniuliza mimi, na mimi nilificha."

Mzee Bakari, yule anayewasha boila, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Unamjua, mtu ambaye neno lake ni moja kwa wiki. Akasema, "Geji ile niliitoa mimi. Mshale ulikuwa umekwama. Niliambiwa nisiseme." Akamwaga chai iliyobaki, akarudi kwenye moto wake.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa naanza kukaa. Mwajuma akasimama, akanigeukia.

"Mama mdogo," alisema, jina alilokuwa akiniita utotoni, "siku hiyo mama aliposema, wewe ulisema nini?"

Dada, hakuwa ananisuta. Aliuliza kwa sababu hakujua, na alitaka kujua. Nilikuwa na pa kupenyea. Ningemwambia sikuwepo uani asubuhi ile, na hakuna ambaye angenipinga, hata Kassimu asingethubutu. Mabenchi yote yalikuwa yananitazama mimi.

"Waliuliza kama kuna mwingine aliyeona," nilimjibu. "Mimi nilikuwa nimeona. Nilinyamaza."

Kisha akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama mbele.

Mchana meneja aliniita. Ni mama wa makamo aliyehamia mwaka jana kutoka Tanga, hukumkuta. Niliingia nimebeba mkoba wangu na kandambili zangu za kazini, nikijua natoka na kwenda nyumbani moja kwa moja. Akanipa karatasi. "Andika yote, kwa mkono wako, na siku yake." Nikaandika kurasa mbili. Neno Somoe ilibidi niliandike mara mbili, la kwanza halikusomeka.

Hawakunifukuza. Kassimu amehamishiwa ghala la mbali. Tukikutana hanisalimii, na wako wanawake kama wawili watatu ambao nao hawanisalimii, wanasema nimefukua maiti. Labda ni kweli. Taarifa ya kamati imebadilishwa, meneja mwenyewe alinisomea sehemu inayokuhusu: marehemu alitoa taarifa ya ubovu, haikufanyiwa kazi. Mafunzo sasa anatoa Mzee Bakari, anakutaja kwa jina, na anawaonyesha ile geji mbovu. Kumbe miaka yote alikuwa nayo nyumbani kwake, ameifunga kwenye kitambaa. Na siku hizi yeyote aliye kwenye pipa akilitilia shaka ana ruhusa ya kusimamisha kazi bila kumwomba mtu.

Mwajuma ameajiriwa. Yuko meza ya kumenya iliyo mbali na yangu, aliomba mwenyewe. Ananisalimia kila asubuhi, shikamoo, naitikia marahaba, anaendelea na kazi yake. Mama mdogo hajaniita tena.

Ijumaa iliyofuata siku ile ya ukumbini niliomba ruhusa nikapanda gari la Rutamba. Nilikuwa sijakanyaga huko tangu arobaini yako. Mama yako nilimkuta uani anapeta mchele. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Nikamweleza yote, pale palepale chini, sikuruka kitu. Ungo haukusimama. Ulikuwa unapanda na kushuka, makapi yanaruka, kuku wanagombania. Nilipomaliza alipeta mara mbili zaidi, akauweka kando.

"Mwajuma alishanipigia," alisema. "Lakini mimi nilijua kabla ya Mwajuma."

"Ulijua lini, mama?"

"Siku ileile ya mkutano wenu. Alinipigia baada ya magharibi. Akaniambia, mama, leo Zuhura ameshindwa kusema. Nikamwambia mtu wa namna hiyo achana naye. Akanikatalia. Akasema Zuhura ana mtoto mdogo na hana mtu mjini hapa, nisikuhesabie kosa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Somoe. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kipigo. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nililia pale chini mpaka kuku wakasogea.

"Nikakaa kukungoja uje uniambie mwenyewe," mama aliendelea. "Mwaka wa kwanza, wa pili. Baadaye nikaacha kungoja."

"Nisamehe, mama."

"Yeye alikusamehe siku ileile. Mimi bado." Akainuka kwa kushika goti, polepole, amezeeka. "Kanawe mikono. Chakula kiko tayari, na gari la kurudi ni la alasiri."

Nikala. Nilikula ndani ya nyumba yenu nikiwa sijasamehewa, na chakula kikashuka. Hatukuzungumza mambo mengi. Alinieleza nguruwe pori walivyomaliza mihogo ya shamba la chini, na kwamba Mwajuma ni mkaidi kama wewe, kila akipata hela anamtumia hata akikatazwa. Nilimwuliza kaburi lako liko upande gani, akanionyesha kwa kidole, hakunisindikiza. Nilikaa na wewe mpaka gari likapiga honi. Nilikusomea Fatiha. Sikukuomba msamaha, maana nimeshajua ulinipa, na sijui mtu anaishije na kitu alichopewa na aliyekufa kwa ajili yake.

Bado ninakuona. Nilitegemea baada ya kusema utaniacha, na hujaniacha. Juzi pale feri mgongo ulikuwa mbele yangu, shingo ikaanza kugeuka, nikalazimisha macho yangu yabaki juu. Alikuwa mama wa Kitunda, ng'ambo ya maji, ana mtoto na kikapu. Akanisalimia, nikaitikia.

Nilipoondoka Rutamba mama yako hakuniambia karibu tena. Alikuja mpaka kwenye gari, akashika dirisha, akasema, "Ukija, lete sabuni ya mche. Ya huku haitoi povu."

Nimeshainunua. Miche minne, iko juu ya kabati.

Lala salama, dada. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Mimi mdogo wako,
Zuhura